Punda kwa Spidi Elfu Mbili

Nianze na ujinga wenyewe, maana mtaufikia tu. Nilimfunga punda wetu kwenye nguzo ya mizinga ya nyuki, nikaiweka kamera ya mjomba spidi elfu mbili, kisha nikaushika waya unaounganisha mizinga yote nikauvuta kwa nguvu zangu zote, kama mtu aliyetumwa kugonga kengele ya shule. Nilitaka nyuki watoke niwapige picha. Wakatoka. Ningekuwa mtu wa maneno machache ningeishia hapo, lakini mnanijua.

Kilichonikumbusha ni ndizi. Juzi bwenini, huku Werugha ambako ukungu unaingia hadi ndani ya soksi, jamaa wa kitanda cha juu alimenya ndizi iliyoiva kupita kiasi, ile yenye madoa meusi. Kabla sijafikiria lolote nilikuwa nimeshajifunika blanketi hadi kichwani. Bweni zima lilicheka, mmoja akapaliwa na maji. Wacheke. Nyuki akikuchoma anaacha hapo harufu ya kuwaita wenzake, na harufu hiyo, nawaapia, ni ya ndizi mbivu. Wengi wenu hamkuwahi kuinusa kwa sababu mlichomwa na mmoja, mkalia, mkanunuliwa soda. Mimi niliinusa ikiwa nzito hewani, kama mtu amemwaga mkungu mzima juu ya jiko. Tangu siku ile ndizi yangu hapa shuleni huliwa na wengine, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kwa nini. Wanakula tu, mafisi.

Wakati huo nilikuwa darasa la nne. Siku za shule tulikaa Kaloleni, pale Voi mjini, na likizo ikifika mama alifunga nyumba tukahamia shambani, chini ya mlima wa Sagalla. Baba alikuwa dereva wa lori na tulimwona kama mvua ya huko, yaani kwa nadra na kwa kelele. Kwa hiyo shamba lilikuwa la mama. Mahindi, pojo, kunde, na vita.

Sisemi vita kwa kupamba. Upande wa pili wa barabara ni mbuga, na ndovu hajui kusoma ubao ulioandikwa mwisho wa mbuga. Kabla ya nyuki, mmoja alikuja akatoboa ukuta wa jikoni kwa kichwa, akatoa gunia la mahindi kwa mkonga kama mtu anayetoa sanduku chini ya kitanda, akala, kisha akaondoka juu ya baiskeli ya baba. Asubuhi baiskeli ilikuwa bapa kama chapati. Jirani yetu, Mzee Mghanga, alitoka na sufuria kumfukuza mwingine, akarushwa hadi ndani ya miiba. Mguu wake wa kushoto haukurudi kuwa mguu tena. Alichechemea, na kila akichechemea alimtusi ndovu yule kwa Kidawida, matusi ambayo mama alinikataza kuyajifunza na ambayo nilikuwa nimeyajifunza yote.

Mzee Mghanga ndiye aliyetuonyesha ua wa nyuki. Unasimika nguzo kuzunguka shamba. Kati ya nguzo na nguzo unaning'iniza mzinga, na waya mmoja unapita kutoka mzinga hadi mzinga, mzunguko mzima. Ndovu akija, kifua chake kinagusa waya. Mzinga wa kwanza unayumba, unauvuta wa pili, wa pili unauvuta wa tatu, na kabla hajajua kilichomfika nyuki wako ndani ya mkonga wake, kwenye nyama laini. Anapiga ukelele unaosikika hadi mjini. Hasahau. Uzuri wa ua huo ni kwamba huhitaji kuamka. Ubaya wake ni kwamba waya haujui nani ameugusa.

Na punda. Punda wetu aliitwa Chifu. Jina alipewa na baba, na kila chifu mwenyewe wa eneo alipopita kututembelea ilibidi sote tumwite mnyama wetu Punda, kwa heshima. Chifu alikuwa mkorofi. Aling'ata mashati, aliwapiga mbuzi mateke bila sababu, na jino langu moja la mbele lilitoka kwa kwato yake siku niliyojaribu kumvalisha kofia. Lakini ndiye aliyeshuka hadi kwenye bomba la barabarani na kurudi na mitungi minne ya maji mgongoni, asubuhi na jioni, jua likiwaka. Bila yeye hatukunywa, hatukupika, hatukuoga. Mama alimsema vibaya kuliko alivyonisema mimi, na alimpaka mafuta vidonda vyake kabla hajapaka miguu yake mwenyewe.

Sasa mjomba. Mjomba Mwakio ni mdogo wake mama, kitinda mimba wa kwao, aliyekuwa akiuza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi Voi na kuishi kwa ajili ya kamera. Aliinunua ya mitumba, nyeusi, mpira wa kushikia ukiwa umebanduka, ikiwa na lenzi moja tu. Mama alisema hiyo kamera ndiyo mke wake na lenzi ndiyo mtoto. Kila wikendi ya likizo alikuja shambani, na kila alipokuja nilimganda kama kupe.

"Lenzi hii inaitwa hamsini," aliniambia siku ya kwanza. "Haivuti kitu karibu."

"Sasa ni ya kazi gani?"

"Miguu unayo?"

"Ninayo."

"Basi miguu ndiyo ya kuvuta. Kitu kikiwa mbali, enda karibu. Kikiwa karibu sana, rudi nyuma. Mwenye lenzi ya kuvuta anakaa kitako kama bwana harusi, hajifunzi kitu."

"Na kama ni ndovu?"

"Kama ni ndovu, piga picha ya mti."

Mpaka leo nawaambia wenzangu wa chama cha picha hapa shuleni: ukipata pesa, anza na hamsini. Ni nyepesi, ni rahisi, inakunywa mwanga hata jioni. Msinisumbue na hizo ndefu kama bomba la moshi. Lakini siwaambii jinsi nilivyojifunza kuhusu miguu.

Mjomba alinifundisha vitu vitatu, na alivifundisha vizuri. Tundu ni dirisha ndani ya lenzi: namba ndogo, dirisha kubwa, uso unaonekana na nyuma yake kunakuwa uji, namba kubwa, dirisha dogo, kila kitu kinaonekana hadi kamasi za mtoto aliyesimama kule nyuma. Spidi ni muda dirisha linakaa wazi. ISO ni kama sauti ya redio: ukiongeza unasikia zaidi, lakini na mikwaruzo inaongezeka. "Ukigusa moja," alisema, "lazima uombe msamaha kwa nyingine." Ukitaka spidi kubwa, mwanga unaoingia ni kidogo, kwa hiyo unahitaji jua kali. Nililishika hilo la jua kali.

Kisha siku moja akanionyesha nyuki. Alikuwa amempiga juu ya ua la kunde, kwa spidi elfu mbili, yaani sekunde moja iliyogawanywa mara elfu mbili, na kwenye kioo cha kamera nyuki alikuwa amesimama hewani. Nisimulie vizuri, maana hapa ndipo akili yangu iliponitoka. Mabawa yalikuwa yametandazwa kama nguo kwenye kamba. Miguu ilining'inia, legelege, kama miguu ya mtoto aliyebebwa akiwa amelala. Alikuwa na manyoya shingoni. Alionekana mpole. Alionekana, kusema kweli, kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Mbona ametulia hivi?" niliuliza.

"Ndiyo kazi ya spidi. Inakuonyesha kilichokuwepo."

Nami nikaelewa hivi: kwamba nyuki ni kiumbe wa polepole. Kwamba ile kasi na ule mvumo ni vya macho yetu mabovu na masikio yetu ya woga, na kamera ndiyo inayosema ukweli. Watu wazima wote wa Sagalla walikuwa wamedanganywa na kelele. Mtoto wa darasa la nne akishagundua kwamba watu wazima wamekosea, hakuna wa kumshika.

Mjomba akaongeza neno la kunimaliza. "Lakini picha hii ina kasoro. Nyuki akiwa peke yake, mtu wa mbali anaweza kudhani ni nzi, au ni ndege. Ukipiga kitu kidogo, weka na kikubwa ndani ya picha, ndiyo ukubwa ujulikane."

Kikubwa. Nilikijua kikubwa.

Siku yenyewe jua lilikuwa la utosini, lile linalofanya mawe yatoe harufu. Mzee Mghanga huwa hasogelei mizinga saa hizo. Anasema joto likipanda nyuki wanakuwa kama walevi wa mwisho wa mwezi, hawatafuti sababu. Mama alikuwa upande wa chini wa shamba akichuma kunde. Mjomba alikuwa akioga katika bafu letu la magunia nyuma ya nyumba, akiimba kwa sauti mbaya. Kamera ilikuwa kitandani. Niliiweka spidi elfu mbili, tundu namba nane, ISO mia nne, na nawaambia kama mtu aliyepiga picha nyingi tangu hapo: zilikuwa namba sahihi kabisa. Nikageuza kile kidude cha kupiga mfululizo. Nikamvuta Chifu kutoka kivulini, akaning'ata bega, nikamfunga kwa kamba fupi kwenye nguzo ya mizinga ili asitoke kwenye picha. Nikarudi nyuma hatua kadhaa nikatazama. Mzinga mbele, punda nyuma kidogo, mahindi yamesimama, anga tupu. Ilikuwa nzuri. Ilikosa nyuki tu.

Nikaenda nikavuta waya.

Mara ya kwanza walitoka wachache, wakazunguka, wakarudi. Polepole kabisa, kama nilivyojua. Nikavuta tena kwa mikono miwili, nikaning'inia, mzinga ukapiga nguzo *ta!* nami nikakimbilia mahali pangu nikainua kamera.

Walimwagika. Sina neno lingine. Mnajua gunia la mtama likipasuka mshono? Sauti haikuwa mvumo. Ilikuwa kama mafuta ya moto yakimwagiwa samaki mbichi, na ilitoka kila upande. Kidole kilikuwa kimekufa juu ya kitufe, kamera ikipiga *tratratratra*, na jicho langu ndani ya kile kidirisha lilikuwa bado linaamini. Wa kwanza alinichoma juu ya kope. Wa pili ndani ya sikio. Wa tatu nilimtafuna, kwa sababu nilikuwa nimefungua mdomo kuita, na sitasahau alivyopasuka baina ya meno yaliyobaki, mchungu na moto, akinichoma ulimi akiwa vipande viwili.

Chifu alilia. Punda mnamjua akilia, ni mzaha mtupu. Huyu hakulia hivyo. Alitoa sauti nyembamba kama ya mbwa aliyekanyagwa, akaruka miguu yote minne, akavuta. Na alipovuta, nguzo iliyumba. Nguzo ilipoyumba, waya ulikaza. Waya ulipokaza, mzinga wa pili ukagonga, ukafunguka. Akaumizwa zaidi, akavuta zaidi, ukafunguka wa tatu. Nilikuwa nimemfunga punda kwenye mtego uliotengenezwa kumshinda ndovu, na kila alipopigania kuondoka, aliwaita wengine. Upande mzima ule wa ua uliamka. Harufu ya ndizi ikapanda.

Nilianguka. Nilijiviringisha mavumbini nikijipiga mwenyewe makofi usoni. Halafu nikasikia miguu, na mjomba akatokea katikati ya wingu lile akiwa na taulo na povu la sabuni, kisha akiwa na povu peke yake, kwa sababu taulo alinifunika nalo kichwa. Akanitia kwapani kama mbuzi anayepelekwa sokoni, kamera ikinigonga kifuani kwa mkanda wake, akakimbia. Nilimsikia akipigwa. Ndiyo, nyuki walisikika: *pa, pa, pa*, kama matone makubwa ya kwanza kwenye bati, na kila tone lilikuwa juu ya mgongo wake. Alipiga mlango wa jikoni kwa bega, tukaangukia majivu, akaufunga kwa kisigino na kuanza kutupia majani mabichi motoni.

"Ni nani mwingine yuko nje?" alikohoa.

"Chifu."

"Nimesema nani, sijasema nini!"

Mama alijibu swali hilo mwenyewe. Tulimsikia akija kutoka kwenye kunde akipiga kelele jina langu, mjomba akamjibu kwa kelele kwamba niko ndani, mzima. Hatua zake zikasimama. Kisha zikaondoka kuelekea upande mwingine.

Ukuta ule uliotobolewa na ndovu uliwahi kuzibwa kwa mabati, na kwenye bati kulikuwa na tundu la msumari. Niliweka pale jicho moja lililobaki wazi. Tundu dogo, kila kitu kinaonekana. Chifu hakuwa wa kijivu tena. Alikuwa wa kahawia, na rangi ile ilikuwa inatembea. Puani, machoni, chini ya mkia, ndani ya masikio yake marefu niliyojaribu kuyavalisha kofia. Mama alikuwa amejifunga leso nyekundu kichwani, panga mkononi.

"Dada!" mjomba alipiga ukelele kupitia mlangoni. "Mwache! Dada, mwache huyo afe!"

"Nikimwacha nani atachota maji?" mama alijibu bila kugeuka. "Wewe?"

Akaingia. Pigo la kwanza la kukata kamba alikosa, panga likazama kwenye nguzo. Alipolichomoa Chifu alirusha teke, likampata kwenye nyonga. Nililisikia kabla sijaelewa nilichoona. Mama alianguka chali. Leso ilitoka. Niliona nywele za mama, zile alizosuka jana yake, zikigeuka rangi ile ile inayotembea. Nilipiga kelele nyuma ya ukuta. Akasimama kwa goti, akashika kamba kwa mkono wa kushoto ili isicheze, akakata.

Chifu alikimbia moja kwa moja ndani ya mahindi, akivunja mstari mzima, akagonga kichwa kwenye tangi tupu la maji kama mtu kipofu, kwa sababu alikuwa kipofu. Akaanguka hapo.

Na mama akaanza kutembea. Hakukimbia. Baadaye nilijua ni kwa sababu hakuwa anaona tena. Macho yalikuwa yameziba. Alikuwa anaelekea kwenye ua, kwenye mizinga. Mjomba alichukua sufuria na mwiko, akafungua mlango, akasimama pale uchi kama alivyozaliwa, akapiga sufuria kama tunavyofukuzia ndovu.

"Huku, dada! Fuata sauti! Huku, huku, huku!"

Akageuka. Akaifuata sufuria, akichechemea, mikono mbele. Nyuki wengi waliingia naye. Tuliwaua mmoja mmoja ndani ya moshi, mjomba kwa kandambili, mimi kwa kifuniko.

Mzee Mghanga alifika na lile bomba lake la kupulizia moshi, ndani yake mavi makavu ya ndovu yakifuka. Akatuvusha ndani ya wingu hilo hadi kwake. Hapo mkewe alimfunika mjomba kwa gunia kisha akamkalisha mama chini, akaanza kukwangua miiba ya nyuki kwa mgongo wa kisu. Huivuti, unaikwangua, ukiivuta unajiminyia sumu. Ilikuwa inaanguka kama ndevu kwa kinyozi.

"Ndovu mchana huu?" Mzee Mghanga aliuliza. "Nani amevuta waya?"

Uso wangu ulikuwa umefura hadi mdomo ukawa upande mmoja. Lakini ulikuwa bado mdomo wangu.

"Ni punda," nilisema.

Mama hakuweza kufungua macho. Aligeuza uso kunielekea, uso usio na uso, umejaa kama unga uliotiwa hamira, akasema kwa upole ulionitisha kuliko panga:

"Punda hajifungi kamba."

Basi. Boda walikuja, mjomba na mimi tukapelekwa hospitali mjini, yeye akitapika njia nzima. Pumzi yake ilikuwa inapiga mluzi. Walimtundikia dripu, na daktari alisema povu la sabuni huenda ndilo lililomwokoa, kwamba nyuki hawalipendi. Mjomba akajibu kwa midomo iliyofura kwamba atamshukuru mwenye kiwanda. Mama alikataa kupanda boda. Alibaki. Mke wa Mzee Mghanga alinisimulia baadaye: alimshika mkono akampeleka hadi kwenye tangi, mama akaketi chini, akakiweka kichwa cha Chifu mapajani, na akamkwangua miiba kwa kupapasa. Kope. Pua. Ndani ya masikio. Chifu alikuwa anavuta pumzi kama msumeno kwenye mbao mbichi. Alijaribu kumng'ata mara moja. Jua lilipoinama akaacha kuvuta pumzi.

Nyuki walirudi mizingani mwao kama watu waliotoka kazini. Mahindi yalipona, ukiondoa ule mstari. Ndovu hawakuthubutu kusogea msimu ule wote. Ua ulifanya kazi yake. Walioshindwa ni sisi.

Nilingoja kichapo. Nilikingoja kila asubuhi, hata nilianza kuvaa suruali mbili. Hakikuja, na lile jambo halikutajwa kabisa. Kilichokuja ni maji. Mama aliamka kabla ya jua, akajifunga mtungi mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, akashuka barabarani na ile nyonga yake. Nami nikashuka nyuma yake na mtungi mdogo, nikiitazama kamba ikimkata ngozi palepale ilipokuwa imefura. Akirudi, anashuka tena. Tulikuwa tukikutana njiani na watoto wa majirani, na hao hawakuwa na huruma.

"Wee! Siku hizi Chifu ni wewe?"

"Lia tukusikie!"

Nililia, kwa sauti ya punda, kuwachekesha. Walicheka. Mama mbele yangu hakugeuka.

Likizo ilikuwa inaisha mjomba alipokuja tena, uso wake umerudi kuwa uso, ila sikio moja lilibaki na kinundu. Aliichukua kamera. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Ilikuwa bado na majivu ya jikoni. Aliipangusa, akaiwasha, akaanza kuzitazama picha zangu, moja, nyingine, nyingine, na nikaona mkono wake umesimama.

"Njoo," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya kanisani.

Chifu alikuwa hewani. Kwato zote nne zilikuwa juu ya ardhi na chini yake kulikuwa na kivuli chake kidogo, safi, kama kilichokatwa kwa mkasi. Kila unywele wa shingo ulikuwa umesimama peke yake. Masikio juu, meno nje, ungesema anacheka, ungesema anacheza ngoma. Nyuki walikuwa wamebandikwa angani kote kumzunguka, na mmoja, wa mbele, alikuwa amesimama mbele ya jicho lake, mabawa yametandazwa, miguu imening'inia. Mpole. Mbali sana nyuma, kule kwenye kunde, palikuwa na doa jekundu lisilo na umbo. Ilikuwa leso ya mama, akiwa ndiyo kwanza ameinuka.

Hakukuwa na sauti. Hakukuwa na ndizi. Hakukuwa na lolote.

"Sijawahi kupiga picha kama hii," mjomba alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Miaka yote hii. Sijawahi."

"Usimwonyeshe mama."

"Lazima aione. Wewe hujui ulichopiga."

Mama alikuwa anaingia kutoka barabarani. Aliinama, akautua mtungi taratibu ili usimwagike, akaitoa kamba kwenye paji la uso. Pale ilipokuwa palikuwa na mfereji. Mjomba akamsogezea kamera kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka. Mama akajifuta mikono kwenye leso, akaipokea, akaisogeza kivulini ili aone. Aliitazama muda mrefu. Alimtazama punda, akalitazama lile doa jekundu, akarudi kwa punda. Kisha akainua macho, akaniangalia mimi, si mjomba.

"Punda ametoka vizuri," alisema. "Sasa mwambie akatuletee maji."